Jedwali Kabla ya Ugunduzi: Ernest Wollan, Clifford Shull na Mwanzo wa Mtawanyiko wa Nyutroni huko Oak Ridge, 1944–1955

Ikisiri

Insha hii inachunguza namna mtawanyiko wa nyutroni ulivyogeuka kutoka jambo la kustaajabisha la maabara na kuwa njia ya kuaminika ya kuchunguza muundo wa vitu yabisi. Inajikita katika maabara ya Oak Ridge, jimbo la Tennessee nchini Marekani, kati ya mwaka 1944 na 1955, na hasa katika kazi ya Ernest Wollan na Clifford Shull. Hoja kuu ni kwamba ugunduzi unaotajwa zaidi wa kipindi hicho, yaani ule wa mpangilio wa kisumaku katika oksidi ya manganizi mwaka 1949, ulisimama juu ya kazi ya miaka iliyotangulia isiyovuta macho: kupima, elementi baada ya elementi, nguvu ambayo kiini cha atomu hutawanyia nyutroni. Kwa kuwa kazi hiyo ilianzishwa na Wollan, na Tuzo ya Nobel ikaja miaka kumi baada ya kifo chake, insha inajadili pia namna historia ya sayansi inavyogawa sifa.

1.0 Utangulizi

Mwezi Oktoba 1994 Chuo cha Kifalme cha Sayansi cha Sweden kilitangaza kwamba Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka huo ingegawanywa kati ya watu wawili. Clifford Shull, Mmarekani mwenye umri wa miaka 79, alitunukiwa kwa kuendeleza mbinu ya difraksheni ya nyutroni. Bertram Brockhouse, Mkanada mwenye umri wa miaka 76, alitunukiwa kwa kuendeleza spektroskopia ya nyutroni. Kazi iliyowapatia tuzo ilikuwa imefanyika takriban nusu karne nyuma, katika maabara zilizotokana na mradi wa kutengeneza bomu la atomu.

Masimulizi mafupi ya taaluma hii kwa kawaida huanza na James Chadwick aliyeigundua nyutroni mwaka 1932, kisha huruka hadi kwenye matokeo ya Shull na kuhitimishwa na tuzo. Masimulizi ya namna hiyo si ya uongo, ila yana pengo. Hayaelezi ni kwa nini nyutroni, iliyojulikana tangu mwaka 1936 kwamba hutawanywa na fuwele kama wimbi, ilichukua zaidi ya muongo mmoja kabla ya kumwambia mtu yeyote jambo jipya kuhusu kitu yabisi. Insha hii inajaribu kuliziba pengo hilo. Inajiuliza maswali mawili: ni nini hasa kilichobadilika kati ya mwaka 1944 na 1949? Na je, mabadiliko hayo yanaweza kuandikwa kwa jina la mtu mmoja?

Istilahi mbili zinahitaji ufafanuzi. Mtawanyiko ni tendo la nyutroni kugonga kitu na kubadili mwelekeo wake, pengine na nishati yake pia. Difraksheni ni aina mahususi ya mtawanyiko ambapo mawimbi yanayotoka kwa atomu zilizopangika hukutana na kuimarishana katika pembe fulani, na kufutana katika pembe nyingine. Kutokana na pembe hizo mtafiti hukokotoa umbali kati ya tabaka za atomu.

2.0 Nyutroni kama wimbi, 1932–1940

Nyutroni iligunduliwa wakati elimu ya fuwele ilikuwa tayari na chombo chake. Tangu kazi ya Max von Laue mwaka 1912, na ya William Bragg na mwanawe Lawrence muda mfupi baadaye, miale ya eksirei ilikuwa imefichua muundo wa chumvi, almasi, metali na madini mengi. Hata hivyo, eksirei ilikuwa na upofu wa aina mbili. Kwanza, miale hiyo hutawanywa na elektroni, hivyo atomu yenye elektroni chache huonekana kwa shida. Haidrojeni, yenye elektroni moja tu, hufunikwa kabisa ikiwa karibu na risasi yenye elektroni 82. Pili, eksirei za wakati huo hazikuweza kuonyesha atomu za kitu chenye usumaku zimeelekeza sumaku zake upande gani.

Nyutroni iliahidi kuuondoa upofu huo. Haina chaji ya umeme, kwa hiyo hupenya kati ya elektroni na kutawanywa na kiini chenyewe. Aidha ina sumaku yake ndogo, na kwa sababu hiyo huathiriwa na sumaku za atomu inazozipitia. Kwa mujibu wa nadharia ya Louis de Broglie ya mwaka 1924, kila chembe iendayo ina urefu wake wa wimbi. Nyutroni iliyopunguzwa mwendo hadi mita 2,200 hivi kwa sekunde ina urefu wa wimbi wa takriban nanomita 0.18, na huo ndio ukubwa wa umbali kati ya atomu katika kitu yabisi.

Mwaka 1936 Hans von Halban na Peter Preiswerk huko Paris, na Dana Mitchell na Philip Powers huko New York, walionyesha kwa majaribio kwamba nyutroni hupata difraksheni. Mwaka huohuo Felix Bloch alieleza kinadharia kwamba nyutroni ingeweza kutawanywa na usumaku wa atomu, na mwaka 1939 Otto Halpern na Montgomery Johnson walitoa nadharia kamili zaidi. Kwa hiyo kabla ya Vita Kuu ya Pili kwisha, wazo lilikuwapo na nadharia ilikuwapo. Kilichokosekana ni nyutroni za kutosha. Majaribio ya mwaka 1936 yalitumia radiamu iliyochanganywa na berili, chanzo dhaifu kilichotoa nyutroni za kila mwendo kuelekea kila upande. Ukitaka kuchagua nyutroni za urefu mmoja wa wimbi kutoka chanzo cha namna hiyo, hubakiwi na chochote cha kuhesabu.

3.0 Kinu cha grafati na madini yake

Upungufu huo uliondolewa na vita. Tarehe 2 Desemba 1942 Enrico Fermi na wenzake walifanikisha mfululizo wa kwanza wa mpasuko wa viini unaojiendesha wenyewe, huko Chicago. Miongoni mwa waliokuwapo alikuwa Ernest Wollan, mtafiti aliyezaliwa mwaka 1902, ambaye kabla ya vita alikuwa amechunguza mtawanyiko wa eksirei katika gesi chini ya Arthur Compton. Katika mradi wa vita jukumu lake lilikuwa usalama: yeye ndiye aliyebuni beji ya filamu ya kupima kiasi cha mnururisho kinachompata mfanyakazi. Kwa hiyo mtu atakayeanzisha difraksheni ya nyutroni aliingia katika fizikia ya nyuklia kama mpimaji, na tabia hiyo ya upimaji haikumtoka.

Kinu cha pili, kikubwa zaidi, kilijengwa Oak Ridge katika bonde ambalo wakulima wake walihamishwa kupisha mradi. Kinu hicho cha grafati kilianza kufanya kazi tarehe 4 Novemba 1943. Lengo lake lilikuwa kuonyesha namna ya kuzalisha plutoniamu, na kilitimiza lengo hilo kwa muda mfupi. Baada ya hapo kilibaki chemchemi ya nyutroni ambayo haikuwa imepata kuonekana katika maabara za kabla ya vita.

Historia ya chombo haikamiliki bila historia ya kilichokilisha. Sehemu kubwa ya madini ya urani yaliyotumiwa na mradi wa Marekani ilitoka Shinkolobwe, katika Katanga, Kongo ya Kibelgiji, kwenye mgodi wa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Mwaka 1940 mkurugenzi wake, Edgar Sengier, alikuwa amesafirisha zaidi ya tani 1,000 za madini hayo hadi New York, ambako jeshi la Marekani liliyanunua mwaka 1942. Mgodi huohuo ulikuwa, tangu miaka ya 1920, chanzo kikuu cha radiamu duniani, yaani kitu kilekile kilichotumiwa katika vyanzo vya nyutroni vya kizazi cha kwanza. Haisemwi hapa kwamba kila nyutroni ya Oak Ridge ilizaliwa na urani ya Katanga, kwani madini ya Kanada na ya Marekani yenyewe yalitumika pia. Inasemwa tu kwamba wachimbaji wa Katanga, ambao Kiswahili kilikuwa lugha yao ya kazi, wamo katika mnyororo uliowezesha fizikia hii, ingawa majina yao hayamo katika makala yoyote ya kisayansi. Swali la nani anahesabiwa na nani hahesabiwi litarudi mbele, kwa sura nyingine.

4.0 Jedwali kabla ya ugunduzi, 1944–1948

Mwezi Mei 1944, vita vikiwa bado vinaendelea, Wollan aliuandikia uongozi wa maabara akiomba ruhusa ya kutumia mihimili ya nyutroni inayotoka kwenye kinu ili kuchunguza difraksheni. Chombo alichokusudia kukitumia ni spektromita ya eksirei aliyokuja nayo kutoka Chicago, iliyorekebishwa ili ibebe vifaa vizito vya kuhesabia nyutroni. Akishirikiana kwanza na Lyle Borst, kisha na R. B. Sawyer, aliona difraksheni kutoka fuwele za jasi na chumvi kabla ya mwaka huo kwisha. Shull alijiunga naye mwezi Juni 1946, akitoka katika maabara ya kampuni ya mafuta jimboni New York, ambako alikuwa ametumia eksirei kuchunguza vichocheo vya kikemia.

Hapa ndipo uamuzi wa msingi ulipofanyika. Njia rahisi ingekuwa kutumia fuwele moja kubwa, ambayo hutoa ishara kali. Lakini katika fuwele kubwa, tabaka za mbele huwanyima nyutroni tabaka za nyuma kwa kiwango kisichotabirika, na hivyo ukali wa ishara hauwi kipimo cha kutegemewa. Wollan na Shull walichagua poda. Katika poda, maelfu ya chembe ndogo za fuwele hulala pande zote. Ishara ni dhaifu na hukusanywa polepole, nukta baada ya nukta, lakini ukali wake unaweza kukokotolewa na kulinganishwa. Walipoteza nguvu ya ishara, wakapata maana yake.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya kuchosha. Katika eksirei, uwezo wa atomu kutawanya hupanda kwa utaratibu kadiri idadi ya elektroni inavyoongezeka, na mtafiti anaweza kuukadiria kabla ya kupima. Katika nyutroni hakuna ngazi ya namna hiyo. Kila kiini kina urefu wake wa mtawanyiko, na hakuna nadharia ya wakati ule iliyoweza kuutabiri. Kaboni na risasi, zilizo mbali sana katika jedwali la elementi, hazipishani sana: takriban femtomita 6.6 kwa kaboni na 9.4 kwa risasi. Zaidi ya hayo, viini vichache hurudisha wimbi likiwa limegeuzwa, na urefu wao huandikwa kwa alama ya kutoa. Haidrojeni ni kimojawapo, ikiwa na takriban −3.7, ilhali isotopu yake nzito, deuteri, ina 6.7. Elementi moja, kemia moja, lakini alama zinazopingana.

Hivyo hapakuwa na njia ya mkato. Ili kusoma muundo wowote usiojulikana, ilibidi kwanza kupima vitu vyenye muundo unaojulikana, na kutoka humo kupata urefu wa mtawanyiko wa kila elementi. Ilibidi pia kueleza mtawanyiko wa chinichini uliojaa kati ya vilele vya difraksheni: kiasi gani kinatokana na mchanganyiko wa isotopu, kiasi gani na mtikisiko wa joto, na kiasi gani na nyutroni zilizotawanywa zaidi ya mara moja ndani ya sampuli yenyewe. Makala ya Wollan na Shull ya mwaka 1948 kuhusu difraksheni katika poda za fuwele, katika jarida la Physical Review, yaliweka msingi wa hesabu hiyo. Hawakuwa peke yao. Mwaka 1947 Fermi na Leona Marshall walikuwa wamechapisha vipimo vyao kuhusu alama za mtawanyiko wa viini kadhaa. Lakini jedwali lililoendelea kukua hadi kuwa chombo cha kazi ya kila siku ni lile la Oak Ridge.

Matunda ya kwanza yalihusu haidrojeni. Mwaka 1948 kundi hilo lilichapisha uchunguzi wa hidridi ya sodiamu, likilinganisha kiwanja chenye haidrojeni ya kawaida na kile chenye deuteri. Mwaka 1949 Wollan, Davidson na Shull walichunguza barafu iliyotengenezwa kwa maji mazito. Linus Pauling alikuwa amependekeza mwaka 1935 kwamba katika barafu kila haidrojeni ina nafasi mbili zinazowezekana kati ya oksijeni mbili jirani, na kwamba ugawaji wake hauna utaratibu maalumu. Eksirei hazikuweza kuamua suala hilo. Nyutroni ziliunga mkono pendekezo la Pauling.

5.0 Oksidi ya manganizi, 1949

Swali la usumaku lilikuwa la zamani zaidi. Katika miaka ya 1930 Louis Néel wa Ufaransa alikuwa amependekeza kwamba katika baadhi ya vitu, sumaku za atomu jirani hupangika kinyume, moja ikitazama juu na nyingine chini, hivi kwamba kitu kizima huonekana hakina usumaku wowote kwa nje. Wazo hilo, ambalo hapa tunaliita usumaku kinzani, lilieleza vizuri tabia za joto na za kisumaku za viwanja kama oksidi ya manganizi. Lakini ushahidi wote ulikuwa wa kuzunguka. Hakuna aliyekuwa ameuona mpangilio wenyewe.

J. Samuel Smart, aliyekuwa katika maabara ya silaha ya Jeshi la Wanamaji la Marekani, ndiye aliyependekeza kwa Shull kwamba nyutroni zingeweza kulijibu swali hilo. Walipima poda ya oksidi ya manganizi katika joto la kawaida la chumba, kisha katika kelvini 80, yaani chini ya joto la takriban kelvini 120 ambapo mabadiliko yalitarajiwa. Katika baridi hiyo vilitokea vilele vya ziada ambavyo havikuwapo kwenye joto la chumba, na ambavyo muundo wa kikemia haukuweza kuvieleza. Vilieleweka tu iwapo kisanduku cha msingi kinachojirudia katika fuwele kingekuwa na urefu maradufu: nanomita 0.885 badala ya 0.443.

Maana yake inaweza kuelezwa kwa mfano wa ushanga. Tuseme shanga nyekundu na nyeupe zimetungwa kwa kupishana. Asiyeona rangi ataona mpangilio unaojirudia kila shanga moja. Anayeona rangi ataona unajirudia kila shanga mbili. Eksirei ziliona shanga tu, na nyutroni ziliona rangi. Kule kuongezeka maradufu kwa umbali wa kujirudia ndiko kulikokuwa ushahidi wa moja kwa moja kwamba manganizi jirani katika tabaka zinazofuatana hutazama pande zinazopingana.

Matokeo hayo huelezwa mara nyingi kama tukio la ghafla. Mtazamo huo unapuuza masharti yake. Vilele vya ziada vilikuwa na maana kwa sababu Shull alijua kwa tarakimu vilele vya kawaida vya manganizi na oksijeni vilipaswa kuwa na ukali gani, na alijua asili ya mtawanyiko wa chinichini. Bila jedwali, vilele hivyo vingeweza kudhaniwa kuwa uchafu katika sampuli. Ni kweli kwamba si kila undani ulikuwa sahihi tangu mwanzo: mwelekeo halisi wa sumaku hizo ulirekebishwa na utafiti wa W. L. Roth mwaka 1958. Lakini jambo la msingi halikutikisika. Mwaka 1951 uchunguzi wa magnetiti uliofanywa na Shull, Wollan na Strauser uliunga mkono pia nadharia ya Néel kuhusu usumaku wa vitu ambavyo sumaku zake kinzani hazilingani kwa ukubwa. Néel alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1970.

6.0 Chalk River na swali la pili

Oak Ridge ilijibu swali la atomu ziko wapi. Swali la atomu zinatikisikaje lilijibiwa Kanada. Nishati ya nyutroni ya polepole inakaribiana na nishati ya mitikisiko ya atomu katika kitu yabisi. Kwa hiyo nyutroni inapoupokea au kuutoa mtikisiko mmoja, badiliko la nishati yake hupimika. Bertram Brockhouse, aliyejiunga na maabara ya Chalk River mwaka 1950, alibuni spektromita ya mihimili mitatu ya mzunguko: fuwele ya kwanza huchagua nyutroni zinazoingia, sampuli hukaa katikati, na fuwele ya mwisho hupima zinazotoka. Mwaka 1955 yeye na A. T. Stewart walichapisha vipimo vya mawimbi ya mitikisiko katika alumini. Kwa makusudi ya insha hii inatosha kusisitiza kwamba spektromita hiyo nayo ni chombo cha hesabu. Kilichoitofautisha na majaribio ya awali ni uwezo wa mtafiti kuamua mapema ni badiliko gani la nishati na la mwelekeo analotaka kulipima.

7.0 Tuzo ya 1994 na nafasi ya Wollan

Shull aliondoka Oak Ridge mwaka 1955 na kwenda kufundisha katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts. Wollan alibaki. Mwaka huohuo, pamoja na Koehler, alichapisha uchunguzi wa viwanja vya manganizi vyenye lanthani na kalisi, vyenye mipangilio ya kisumaku ya aina kadhaa. Alifariki mwaka 1984. Kanuni za Tuzo ya Nobel hazimruhusu marehemu kutunukiwa, na Shull mwenyewe, alipoipokea tuzo miaka kumi baadaye, alisikitika hadharani kwamba mwenzake hakuishi kuiona.

Yapo mambo mawili yanayoweza kutolewa kuutetea mgawanyo wa sifa ulivyo. Shull ndiye aliyeongoza sehemu kubwa ya kazi ya usumaku, na ndiye aliyeiendeleza mbinu hiyo kwa miongo mitatu zaidi na kulea kizazi cha watafiti. Tena, makala mashuhuri ya mwaka 1949 hayana jina la Wollan. Hoja hizi zina uzito. Lakini kurasa za mbele za makala ya miaka hiyo zinasimulia jambo jingine: katika kazi ya poda ya mwaka 1948 jina la Wollan linatangulia, katika ile ya hidridi linatangulia la Shull, katika ile ya barafu linatangulia tena la Wollan. Huo si mpangilio wa bwana na msaidizi wake. Ni mpangilio wa watu wawili waliokuwa wakijenga kitu kimoja.

Kamati ya tuzo inafungwa na kanuni yake. Mwanahistoria hafungwi nayo. Hatari iliyopo ni pale historia inapoichukua orodha ya washindi na kuifanya kuwa orodha ya wahusika. Hapo Wollan hugeuka kuwa mtangulizi, jedwali hugeuka kuwa maandalizi, na wale waliolisha kinu kwa madini hawaonekani kabisa. Daraja za kusahauliwa si sawa, na insha hii haidai kwamba mwanafizikia wa Tennessee na mchimbaji wa Katanga walidhulumiwa kwa kipimo kimoja. Inadai tu kwamba utaratibu unaowaacha nje ni mmoja: kuhesabu tokeo la mwisho na kuacha kazi iliyolitangulia.

8.0 Hitimisho

Kilichobadilika kati ya mwaka 1944 na 1949 hakikuwa wazo, kwa kuwa wazo lilikuwapo tangu mwaka 1936. Mambo mawili yalibadilika: kinu kilitoa nyutroni za kutosha kuhesabika, na Wollan na Shull waliamua kutanguliza upimaji wa viini kabla ya kutafuta miundo mipya. Historia iliyofuata inathibitisha umuhimu wa uamuzi huo. Mwaka 1969 Hugo Rietveld, akiwa Petten nchini Uholanzi, alichapisha njia ya kusoma mchoro mzima wa difraksheni ya poda kwa pamoja. Vipitishaumeme vikuu vya oksidi ya shaba vilipogunduliwa katika miaka ya 1980, ni difraksheni ya nyutroni katika poda iliyobainisha mahali pa oksijeni, elementi nyepesi ambayo eksirei ziliiona kwa shida kati ya bariamu na itriamu. Na viwanja vya manganizi ambavyo Wollan na Koehler walivieleza mwaka 1955 vilirudi kuwa mada motomoto katika miaka ya 1990, ilipobainika kwamba ukinzani wake wa umeme hubadilika mno mbele ya sumaku. Watafiti wa wakati huo walikuta mipangilio ya kisumaku imekwisha kupimwa, na ufunguo wa kuisoma upo katika makala ya mtu aliyekuwa amefariki kabla ya wao kuihitaji.